Yasini Juu ya Chuma

Uani kwa mwadhini wa mtaa wetu, hapa Palma, kusini ya mto Rovuma, palikuwa na tuta la udongo lenye urefu wa mtu aliyelala. Lilizungushiwa mawe meupe, na upande wa kichwani palipandwa mrehani. Kila Ijumaa alasiri mama mmoja, jirani yetu, alikuja na mkeka wake, akaketi kando ya tuta hilo na kumsomea mwanawe Yasini. Mwanawe hakuwamo. Iliyokuwamo ni pikipiki.

Waliolijua jambo hilo walikuwa mwadhini na mkewe, na baadaye mimi. Kwa muda mrefu mwadhini aliishi na swali moja: amwambie yule mama, au anyamaze mpaka mmoja wao afe? Nayaandika haya ili nieleze ni mtu wa namna gani aliyejikuta kwenye swali hilo. Jina lake siliandiki, na hata mtaani halitumiki. Tunamwita kwa kazi yake. Ukoo wake na alikozaliwa, wanaojua wanajua. Mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu nilipooa.

Nianze na masikio yake, kwa maana kila kitu chake kilipitia huko. Kipaza sauti alikikataa tangu zamani. "Kinaita watu kwa pua," alisema, na akaendelea kuadhini kwa koo lake, mkono mmoja sikioni. Injini aliisikiliza akiwa ameipa mgongo. Alisema ukiitazama, macho yanaingilia kazi ya masikio. Siku moja, akiwa katikati ya adhana ya adhuhuri, lori lilipita barabarani na gurudumu lake la nyuma likilia. Alimaliza adhana vizuri, hakuacha neno, kisha badala ya kuingia msikitini akateremka ngazi na kulikimbilia lile lori huku akimpigia dereva kelele asimame. Imamu akawageukia waliokuwa safuni, akasema, "Mwadhini ametuita sisi, yeye kaitwa na lori." Watu walicheka mpaka ikabidi wasubiri kidogo kabla ya kukimu.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ndogo, ya Kireno, ya aina ile ambayo injini yake hainywi petroli tupu. Lazima uichanganye na oili ndani ya tangi lile lile. Mwadhini aliipata ikiwa fremu tu, mtu ameitumia kuegemeza mlango wa banda la kuku. Ilimchukua miaka kuikusanya. Tangi alilitoa kwa mtu mmoja, taa kwa mwingine, usukani aliukuta umefanywa kiango cha nguo. Alipomaliza aliipaka rangi ya kijani kibichi, na Jumamosi aliipanda kwenda shambani kwake Mute, mgongo umenyooka, kofia imebanwa kwa meno ili isipeperuke.

Vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki mpya za Kichina hawakumwacha.

"Mwadhini, hiyo mota si ndiyo aliyopanda Nabii Nuhu?"

"Nuhu alipanda safina," alijibu bila kupunguza mwendo. "Na nyinyi mngebaki nje mnasubiri spea."

"Shikamoo mota!" mwingine alipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie na hiyo yako ijifunze adabu, umri wake ni mwaka mmoja na tayari ina kikohozi."

Hakuwa fundi wa kuajiriwa, wala sitaki msomaji afikiri alikuwa na ujuzi wa ajabu. Alikosea mara nyingi. Mimi sikuenda mbali shuleni. Kireno nilijifundisha kwa kamusi iliyokosa jalada na magazeti ya kufungia sukari. Yeye alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Kireno cha maandishi kilimpita kando. Ndiyo sababu aliniletea kurasa za vitabu vya mashine, zimechakaa na kunuka mafuta ya taa, tukakaa barazani kwangu nimsomee. Nilisoma sentensi, nikaifasiri, nikangoja. Mara nyingi alikataa.

"Huyo aliyeandika anakaa nchi ya baridi. Hajui jua la huku."

"Lakini ameitengeneza yeye, mwadhini."

"Na mwenye kumzaa mtoto siye anayejua atakavyokufa."

Basi alizidisha oili kuliko kitabu kilivyosema. Pikipiki ikatoa moshi kama tanuri la chokaa, na plagi, ambayo vijana wetu huiita vela kama Wareno, ikajaa masizi kila mara. Alipochoka kuisugua akageuka upande wa pili, akapunguza oili kuliko kitabu kilivyosema. Injini ikakamata, pistoni ikagoma kabisa, njiani akitoka Mute. Aliisukuma mpaka mjini juani. Watu walijitolea kumsaidia, akawafukuza. Nilimpokea langoni, shati limemganda mwilini. "Kosa nimelifanya mimi," alisema, "na wa kusukuma ni mimi." Wiki iliyofuata akaenda Namoto, mpakani, akavuka mto Rovuma, akatafuta ringi za pistoni Mtwara nzima. Alirudi na gurudumu la mkono la cherehani, la chuma kizito, lenye maua ya dhahabu yaliyofifia.

"Na ringi?" nilimwuliza.

"Hazikuwapo. Lakini hebu tazama hiki, jirani. Kizungushe. Umesikia? Hakuna sauti kabisa."

Mashine zake nyingine zilikuwa chini ya kibanda cha makuti: pampu ya maji na injini kubwa ya dizeli iliyokuwa ikiendesha kinu katika ghala la kale la mbata. Ile ya dizeli aliiwasha asubuhi ya Id tu, kwa kuisikiliza, kisha akaizima na kuifunika. Mkewe aliwahi kumwomba aifungie kinu cha kusagia mahindi. Alikataa, akasema ikianza kusaga itachakaa. Mkewe huyo alikuwa na ulimi. Kila mgeni alipoingia, alimkaribisha akiwa kwenye kinu chake cha mti: "Karibu, karibu. Mume wangu ana injini tatu, mimi nina mchi."

Hapo ndipo mtu huyu aliponitatiza tangu mapema. Kwa mwili wake na wakati wake hakuwa mchoyo. Aliosha maiti za watu wasio na ndugu, alichimba makaburi bila kuitwa, na shati lake alilivua akampa mtu. Lakini mashine hakuazima. Mgonjwa akitokea mtaani alimpakia mwenyewe na kumpeleka hospitali kwa mwendo wa kinyonga, akiukwepa kila mwamba na kila shimo. Mzee mmoja aliyekuwa na homa alimwomba njiani amshushe atembee, atafika haraka zaidi. Tulilicheka sana jambo hilo. Sasa nikilikumbuka sicheki, kwa sababu najiuliza wakati ule aliogopa kumtikisa nani, mgonjwa au pikipiki.

Kisha vita vikatukaribia. Kabla watu wa msituni hawajaingia mjini, tulikwisha kuelewa kwamba kuwa na pikipiki ni hatari. Wao walizitaka wazipande. Na kwenye vizuizi vya askari, mwenye pikipiki aliulizwa anampelekea nani chakula, na si kila aliyeulizwa alirudi nyumbani. Wengine waliziuza, wengine walizisukuma baharini. Mwadhini akachimba shimo kando ya ua wake, akaizika yake. Ua ule unakwenda mashariki na magharibi, na yeye alifuata ua tu, hakuwaza zaidi. Lakini makaburi yetu hulala vivyo hivyo, ili maiti aelekee kibla. Udongo uliobaki aliurundika juu, ukawa tuta.

Siku mji ulipovamiwa, mkewe alikimbia pamoja nami na watu wangu hadi kijiji cha Quitunda. Yeye alibaki. "Nani ataadhini?" alituambia, kana kwamba jibu lilikuwa wazi. Tuliporudi baadaye tulisikia kwamba alikuwa amewazika watu kule minazini, nyuma ya ghala la mbata, peke yake, siku ambazo hapakuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Sikumwuliza, naye aliniambia sentensi moja tu: "Niliwaswalia wote pamoja, sikuwa na nguvu ya kumswalia kila mmoja."

Mama Amade, jirani ninayemzungumzia, alichelewa kurudi. Alikuwa amevuka Rovuma. Mwanawe Amade, mtu mzima, mbeba matofali kwenye majengo, alitoka nyumbani siku ile kumtafutia mama yake gari, na hakuonekana tena. Mama yake aliporudi kupitia Namoto alianza kuuliza nyumba hadi nyumba, miguu imevimba. Alifika kwa mwadhini wakati mbaya kuliko wote. Wanaume wenye bunduki walikuwa uani wakipekua, na mmoja wao alikuwa amesimama juu ya tuta, analigusagusa kwa ncha ya buti.

"Kaka," Mama Amade alisema kutoka langoni, "umemwona Amade wangu?"

Mwadhini hakujibu. Macho yake yalikuwa kwenye lile buti. Mama Amade akayafuata macho yake, akaliona tuta.

"Ni yeye?"

Mwadhini akainamisha kichwa.

Yule mama aliangua kilio ambacho mimi nilikisikia upande wa pili wa ukuta. Alijitupa juu ya udongo, akaukumbatia. Mwenye bunduki alirudi nyuma, akavua kofia, na wenzake wakamfuata nje. Hawakupekua zaidi. Kwa hiyo kilio cha mama kiliiokoa pikipiki, na pengine kilimwokoa mwenye pikipiki.

"Sikusema uongo," mwadhini aliniambia muda mrefu baadaye. "Sikusema kitu."

Ukweli wenyewe sikuupata kwake. Niliupata Quitunda, kwa mkewe, ambaye baada ya Ijumaa chache alikuwa amehamia tena huko, kwa binti yao, na kukataa kurudi. Nilikwenda kumsihi. Alikuwa anachambua kunde, hakuinua uso.

"Shemeji, pale hakuna kaburi. Pale pana mota. Nimekaa naye miaka yote na vyuma vyake, sikulalamika. Lakini kumwandalia mfiwa chai, aketi anililie mbele yangu kwa ajili ya chuma, hilo sitaliweza. Mwambie akimwambia yule mama, nitarudi siku hiyo hiyo."

Nilimfikishia ujumbe. Hakukana. Aliketi kwenye ngazi ya baraza, akaniuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Nikimwambia, si nitakuwa nimemwulia mtoto mara ya pili?"

Basi Ijumaa zikaenda. Mama Amade aliyapanga yale mawe, akapanda mrehani, na kila alipomaliza kusoma alinyunyiza maji juu ya udongo, kama tunavyofanya. Mwadhini aliyasikia yale maji. Alisimama mlangoni, na mimi niliyejua niliona anayafuata kwa fikra mpaka kule yanakotelemkia. Siku moja alishindwa.

"Dada, maji kidogo yanatosha."

"Mwache anywe, kaka. Mwanangu alikuwa mtu wa kiu."

Hakurudia tena kusema. Lakini aliharibika. Id ikaja, injini ya dizeli haikuwashwa. Kutu ilipanda kwenye pampu. Vijana walimletea mota zao zilizokataa kuwaka, akawaambia masikio yake yameziba. Hata adhana yake ilipungua, ikawa kama ya mtu anayeogopa kusikika. Mama Amade, kwa upande wake, alipata nafuu. Alianza kula. Alianza kuuza maandazi. Aliwaambia watu kwamba yeye ana bahati kuliko wenzake, kwa maana wenzake hawajui wakalie wapi. Mtu akitaka kupima uzito wa neno la kweli, apime hapo.

Pengine wangeendelea hivyo mpaka mwisho. Lakini mpwa wake Mama Amade alipata kazi ya ujenzi, akamwahidi matofali na simenti, na yule mama akaja na furaha yake kumwomba mwadhini ruhusa ya kulijengea kaburi. Mafundi wangekuja baada ya Ijumaa. Mwadhini alivuka ukuta jioni ile ile, akasimama mbele yangu.

"Simenti ikimwagwa, basi," alisema.

"Basi nini?"

"Basi uongo umekuwa jengo."

Nilimwuliza jambo ambalo mtu mwingine angelinyamazia. Nilimwuliza anataka kumwambia yule mama ukweli, au anataka pikipiki yake itoke kabla ya simenti. Alinitazama bila hasira.

"Ningejua," alisema, "nisingekuja kwako."

Aliniomba nije nikae naye siku Mama Amade atakapokuja kupima. Alikuja Alhamisi asubuhi, na kamba ya kupimia mkononi, kanga mpya mabegani. Alinipa kamba nishike ncha moja, naye akainama kuishika ya pili. Mwadhini alikuwa amesimama kando ya mrehani.

"Dada, humo hamna Amade."

Aliendelea kuinyoosha kamba. "Nani kakutisha, kaka? Wamekwambia nisijenge?"

"Hakuna aliyenitisha. Humo mna pikipiki yangu. Niliizika kabla hawajaingia. Siku ile uliponiuliza, wale wenye bunduki walikuwa hapa, nikaogopa. Tangu hapo sikupata mdomo."

Mama Amade akanigeukia. "Na wewe, jirani, unalijua hili?"

"Nalijua, mama."

Aliiachia kamba. Alikwenda kuketi kwenye ngazi, akafunga mikono kifuani.

"Chimbeni nione."

Tulichimba. Udongo ulikuwa laini, jembe lilizama bila taabu. Tulifika kwenye turubai, turubai zito la lori, limezungushwa mara kadhaa na kufungwa kwa kamba ya katani, na kila fundo limepakwa lami. Mwadhini aliingia shimoni, akayafungua mafundo kwa vidole. Chini ya turubai palikuwa na blanketi la sufu, na ndani ya blanketi chuma kilichopakwa grisi kila pembe. Hakuna tone la maji lililokuwa limefika. Rangi ya kijani ilikuwa pale pale. Mwadhini aliweka kiganja juu ya tangi, na kabla hajaweza kujizuia uso wake ulifunguka. Ilikuwa furaha. Nilimwona, na nilipoinua macho nikamwona Mama Amade naye amemwona.

Alikuwa amekuja mpaka ukingoni mwa shimo.

"Imetoka nzima," alisema.

"Nzima, dada."

"Uliifunga vizuri."

Mwadhini akaondoa mkono kwenye tangi.

"Na wale wa kule minazini. Wale uliwafunga na nini?"

Grisi ilikuwa imemfika viwikoni. "Mapazia ya msikiti," alisema. "Mikeka. Ilipokwisha, niliwafunika makuti."

"Na turubai lilikuwa humu."

"Lilikuwa humu."

"Na blanketi."

"Na blanketi."

Nilitamani Mama Amade alie, kwa kuwa ningejua la kufanya. Hakulia. Alilitazama lile blanketi lililoloa grisi, na nyuzi zake za sufu nzuri, ya kufunika mtu wakati wa kipupwe.

"Amade alikuwamo kwenye hao?"

"Sijui, dada. Walikuwa wamekaa juani. Sikuweza kuwatambua."

Aliichukua kamba yake chini, akaizungusha kiganjani polepole mpaka ikaisha. "Kesho utanipeleka huko," alisema. "Unionyeshe mmoja mmoja, pale ulipomlaza kila mtu."

Minazini ni mbali kwa miguu yake, na sote watatu tulilijua hilo. Mwadhini, akiwa bado amesimama shimoni, aliinamisha macho kwenye pikipiki. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anafikiri jinsi ya kumfikisha mgonjwa.

"Kwa miguu," Mama Amade alisema.

"Kwa miguu, dada," mwadhini akajibu.